Kulipwa kwa Kusoma Barua Pepe: Maswali Manne kutoka Kigoma

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka mkoa wa Kigoma zinauliza juu ya jambo moja, nalo ni programu za mtandaoni zinazoahidi kumlipa mtu kwa kufungua na kusoma barua pepe za matangazo. Nimechagua barua nne, nikazifupisha bila kubadili maana yake, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu mwandishi wake ameweka hesabu zake wazi, jambo ambalo ni wachache hulifanya na ambalo limenisaidia sana kumjibu.

SWALI: Shikamoo dada mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini, na kazi yangu ni kuuza mawese na dagaa wakavu. Mdogo wangu aliniunganisha na programu inayolipa senti moja ya dola ya Marekani kwa kila barua pepe ya tangazo ninayoisoma. Nimesoma kwa siku 38 na nimefikisha dola 3 na senti 12, lakini hawalipi mpaka zitimie dola 30. Zamani nilikuwa nanunua bando la shilingi 500 kila baada ya siku mbili, na sasa nanunua la shilingi 1,000. Juzi nimepata ujumbe kwenye simu unaosema nitume shilingi 15,000 za uhakiki wa akaunti ili nilipwe mapema bila kungoja dola 30. Je, nilipe? Na kazi yenyewe ni ya kweli au nadanganywa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile lisiloweza kungoja: hizo shilingi 15,000 usizitume. Programu ya kweli inayotoza gharama yoyote huikata katika pesa ulizokwisha kuchuma, kwa kuwa pesa hizo zimo mikononi mwake, wala haina sababu ya kukutaka utoe nyingine kutoka mfukoni mwako. Utazame pia ujumbe wenyewe ulivyo. Programu uliyojiunga nayo iko nje ya nchi na inahesabu kwa dola, lakini huyu anayedai uhakiki anataka apelekewe shilingi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi wa hapahapa Tanzania. Inawezekana kabisa kwamba hana uhusiano wowote na programu hiyo, bali ameipata namba yako mahali fulani ulipojiandikisha, akajua kwamba una pesa unayoingoja, na mtu anayengoja pesa ni rahisi kumvuta. Ujumbe huo usiufute. Utume pamoja na namba iliyouleta kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ajili ya kupokea taarifa za utapeli wa simu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Hukudanganywa ulipoambiwa kwamba wapo wanaowalipa watu wasome matangazo, kwani biashara hii ina umri wa karibu miaka 30. Kampuni za Marekani kama Cybergold na MyPoints ziliianza katika miaka ya 1990, zikiwatuza wanachama wao kwa pesa au kwa pointi, na InboxDollars, iliyoanzishwa mwaka 2000, imekuwa ikilipa senti chache kwa kila barua inayosomwa. Lakini InboxDollars huwapokea wakazi wa Marekani tu, na sharti hilo ukilielewa vizuri utaelewa pia kwa nini dola zako zinapanda kwa mwendo wa kinyonga.

Mwenye tangazo humlipa mwenye programu, naye mwenye programu humegea msomaji sehemu ndogo ya alichopewa. Anachonunua mwenye tangazo ni uwezekano wa msomaji kununua bidhaa yake. Mtu anayeuza bima ya gari kwa watu wa jimbo la Ohio, Marekani, hana cha kumuuzia mama aliyekaa Mwanga akipima mawese kwa chupa, na anajua hivyo, maana kompyuta zake humwonyesha tangazo limefunguliwa katika nchi gani. Ndiyo maana tangazo lilelile huwa na bei nzuri likisomwa Marekani au Uingereza, na likisomwa kwetu hushuka bei au hukosa bei kabisa. Programu nyingi zinazotupokea sisi hulipa sehemu tu ya senti kwa barua moja, hivyo hiyo yako inayotoa senti nzima ni afadhali kuliko nyingi.

Wasomaji ambao hawajaiona kazi hii huenda wakadhani ni kusoma kama tunavyosoma gazeti. Mwezi uliopita nilikaa jioni moja barazani kule Kibirizi na mpwa wangu anayeifanya, nikaomba anionyeshe. Alifungua barua, akabofya kiungo, na ukurasa ukaanza kushuka polepole, picha ya gari jekundu ikitokea kwanza paa, kisha vioo, na juu ya ukurasa kukawa na saa inayohesabu sekunde 30 kurudi nyuma. Saa hiyo haianzi mpaka ukurasa utimie wote, na ukiufunga kabla haijafika sifuri senti haiandikwi. Ilipobaki sekunde nne mtandao ukakatika, na uliporudi saa ikaanza upya. Mwishoni alitakiwa kubofya tarakimu inayofanana na nyingine iliyoandikwa kwa kupindapinda, ili ijulikane kwamba anayesoma ni binadamu. Tulitumia dakika nne kuipata senti moja, na muda huo wote wavuvi upande wa ziwani walikuwa wakiandaa mitumbwi na taa zao kwenda kuvua dagaa.

Tuchukue dola moja kuwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Dola zako 3 na senti 12 ni shilingi 7,800. Bando limekuongezea shilingi 500 kila baada ya siku mbili, na kwa siku 38 nyongeza hiyo imefika shilingi 9,500, ambazo umekwisha kuzitoa, ilhali zile 7,800 bado hujazishika. Kwa mwendo wako wa senti 8 kwa siku, dola 30 zitatimia baada ya mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo nyongeza ya bando itakuwa imefika takribani shilingi 91,000 kwa ajili ya kupata shilingi 75,000. Hapo sijahesabu muda wako, wala gharama za kuipokea pesa kutoka nje, wala yale masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kwamba mwanachama asiyeingia kwa muda fulani hufutiwa salio lake. Ukiuguza mtoto hospitali wiki chache, senti zako zinaweza kuwa zimekwenda.

Nakuambia haya kwa sababu nami niliwahi kupita njia hiyo. Mwaka 2006 intaneti ya Kigoma ilikuwa ya setilaiti, kwa kuwa mkongo wa kwanza wa baharini wa SEACOM ulifika nchini mwaka 2009, na mimi nilikuwa nikilipa saa moja katika mkahawa mmoja wa intaneti kila Jumamosi ili nisome barua za programu niliyoonyeshwa na mwenzangu wa kazini. Waliahidi kutuma hundi kwa posta ikitimia dola 25. Nilifikisha dola 11 na senti kadhaa. Jumamosi moja nikaandika anwani ya ukurasa wao na ukurasa haukufunguka, Jumamosi iliyofuata vilevile, na mpaka leo haujafunguka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba daftari la matumizi ya nyumbani lilikuwa na mstari wa intaneti kila wiki na halikuwa na mstari hata mmoja wa mapato, nami nilikuwa naliona hilo na bado naendelea.

Ushauri wangu ni kwamba usiendelee kununua bando kwa ajili ya kazi hiyo. Kama mdogo wako ana intaneti asiyoilipia, kwa mfano ya chuoni, na anapenda kujaribu, yeye hapati hasara ya pesa, ingawa muda wake nao una thamani. Wewe rudi kwenye bando lako la shilingi 500, na sehemu yake ndogo itumie kupiga picha za mawese na dagaa wako na kuziweka pale ambapo wateja wako wa Kasulu, Tabora na Dar es Salaam wataziona. Mteja mmoja wa dumu la lita 20 ana faida kubwa kuliko mamia ya barua za magari mekundu.

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Mimi ni kijana wa Kasulu mjini. Tuko ndugu watatu katika nyumba moja, na kila mmoja alifungua akaunti yake katika programu ya kusoma barua pepe, tukawa tunagawana intaneti ya simu moja. Mimi nilipofikisha dola 10 zinazotakiwa na kuomba malipo, akaunti zetu zote tatu zilifungwa siku ileile, tukaambiwa tumevunja masharti. Hatukudanganya chochote. Tunaweza kudai haki yetu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, na nakuamini kwamba hamkukusudia udanganyifu. Tatizo ni kwamba karibu kila programu ya aina hii ina sharti la akaunti moja kwa nyumba moja, au akaunti moja kwa anwani moja ya intaneti. Kila kifaa kinapoingia mtandaoni huonekana kwa anwani ya tarakimu, na vifaa vitatu vinavyotumia intaneti ya simu moja huonekana upande wa pili kama mtu mmoja. Kwa mwenye programu, watu watatu wenye anwani moja ni sawa na mtu mmoja mwenye akaunti tatu anayejialika mwenyewe ili ale pia ile asilimia anayolipwa mtu kwa kuleta wanachama wapya, kwa kuwa huo ndio ujanja unaotumiwa zaidi kumwibia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kampuni za simu zina wateja wengi kuliko anwani za intaneti zilizo nazo, kwa hiyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mtu wa Kasulu na mtu wa Kibondo wasiofahamiana, wakiwa wanatumia laini za kampuni moja, wanaweza kuonekana wanatoka mlango mmoja. Hivyo hata kama kila mmoja wenu angekuwa na bando lake, hatari hiyo isingeondoka kabisa. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba za Marekani na Ulaya, ambako kila nyumba huwa na waya wake wa intaneti, hazikutuwaza sisi tunaoishi kwa bando la simu.

Linalonisikitisha ni kwamba ukaguzi huo hufanyika siku ya kuomba malipo. Muda wote mnaposoma hakuna anayewauliza kitu, matangazo yanahesabiwa na mwenye programu analipwa, kisha siku ya kulipa ninyi ndipo kosa linapoonekana. Hilo naliona kuwa dhuluma hata pale sharti linapokuwa limeandikwa.

Waandikieni mara moja tu, kwa adabu, mkieleza kwamba ninyi ni ndugu watatu, kwamba intaneti mnayotumia ni ya simu, na kwamba mko tayari akaunti mbili zifungwe na moja ibaki. Wengine hukubali. Wasipojibu, sioni njia ya kuwafikisha mahakamani kwa dola 10 mkiwa Kasulu nao wakiwa ng'ambo, na sitaki kuwapa matumaini nisiyokuwa nayo. Msisikilize pia atakayewaambia mtumie programu ya kuficha anwani ili muonekane mko Marekani. Hilo litakuwa udanganyifu wa kweli, na akaunti zitakazofungwa safari hiyo zitakuwa zimefungwa kwa haki.

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mzee wa Ujiji, mstaafu wa reli. Kijana mmoja wa mtaani ametuletea mpango wa kulipa shilingi 50,000 za kujiunga, kisha unasoma barua na kutazama matangazo 10 kila siku kwenye simu na kulipwa shilingi 2,000 kila siku. Ukileta mtu unapewa zaidi. Jirani yangu ameshalipwa mara tatu, nimeiona pesa kwenye simu yake kwa macho yangu. Nimebakiwa na sehemu ya mafao yangu na nafikiri kuweka watu wanne wa nyumbani kwangu kwa pamoja. Unaonaje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nakuomba usiweke hata mtu mmoja, nami nitakueleza sababu kwa urefu, kwa kuwa pesa ya mafao haina msimu wa pili.

Shilingi 2,000 kwa matangazo 10 ni shilingi 200 kwa tangazo moja, yaani senti 8 za dola. Yule mama wa Mwanga aliyeandika hapo juu analipwa senti moja, na nimemwambia kwamba yeye ni miongoni mwa wanaolipwa vizuri. Ni mwenye tangazo gani duniani atakayetoa mara nane ya hapo, kila siku, kwa mtu yuleyule wa Ujiji aliyeona tangazo hilo jana na juzi? Hayupo. Pesa anayolipwa jirani yako inatoka kwenye viingilio vya waliojiunga baada yake, na matangazo yamewekwa ili watu waone kuna kazi inayofanyika.

Hesabu yake ni hii. Wakiwa wanachama 20, kila siku wanadai shilingi 40,000, na kiingilio cha mtu mmoja mpya kinatosha kuwalipa na kubakiza. Kwa hiyo mwanzoni kila mtu hulipwa, tena kwa wakati, na jirani yako hakukudanganya. Wakifika 200 wanadai shilingi 400,000 kwa siku, na sasa wanahitajika watu wapya wanane kila siku. Wakifika 2,000 wanadai milioni 4, na wanahitajika watu wapya 80 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, huku kila anayeingia akitakiwa kulipwa kuanzia kesho yake. Wewe uliyefanya kazi relini unajua treni inayoongezewa mabehewa kila stesheni bila kuongezewa kichwa itasimama wapi. Watu 80 wapya kila siku hawapatikani Ujiji, hata ukiongeza Gungu, Mwandiga na Katubuka.

Mchezo huu si mgeni. Mwaka 2006 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji na hisa ilifungua kesi dhidi ya mpango ulioitwa 12DailyPro, ambao wanachama wake walinunua vipande vya dola 6, wakatakiwa kutazama kurasa 12 za matangazo kila siku kwa siku 12, na kuahidiwa kurudishiwa pesa yao pamoja na faida ya asilimia 44. Zaidi ya watu 300,000 walikuwa wametia humo zaidi ya dola milioni 50, na mamlaka hiyo ilidai mahakamani kwamba asilimia 95 au zaidi ya mapato ya mpango huo ilikuwa pesa ya wanachama wenyewe. Kwetu hapa bado tunaikumbuka DECI, ambako watu waliambiwa wapande mbegu ili wavune. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na viongozi wake wakatiwa hatiani mwaka 2013. Na mwezi Februari mwaka 2025 Jeshi la Polisi liliwakamata watu katika mikoa kadhaa kwa tuhuma za kuendesha mpango wa LBL, ambao wanachama walilipa kiingilio kisha wakatazama matangazo kwenye simu, karibu neno kwa neno kama ulivyonieleza.

Sheria zetu huuita mpango wa namna hii biashara ya upatu, nayo ni kosa la jinai. Upatu wa akina mama wa mtaani wanaofahamiana na kupokezana zamu ni jambo jingine kabisa, ingawa jina ni moja. Na hapo pana hatari ya pili ambayo huenda hukuifikiria. Ukiwaingiza watu wanne wa nyumbani kwako na kupokea malipo kwa ajili yao, siku mpango utakapoanguka watakaokuja mlangoni kudai ni wanao na majirani zako, na polisi wanaweza kutaka kujua wewe ulipokea nini. Mwambie kijana huyo akuonyeshe leseni ya Benki Kuu ya Tanzania inayomruhusu kukusanya pesa za watu, na akikuonyesha cheti cha usajili wa kampuni peke yake, jua kwamba kusajili jina la kampuni si sawa na kupewa leseni hiyo.

Jirani yako naye mshauri atoe kila alichonacho humo leo, na asimwite mtu mwingine.

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kibondo. Nina simu janja nzuri na saa moja kila jioni baada ya kusahihisha madaftari. Sitafuti utajiri, natafuta shilingi 20,000 au 30,000 za ziada kwa mwezi kwa njia halali ya mtandaoni. Kama kusoma barua pepe hakulipi, nifanye nini, na pesa ya nje nitaipokeaje?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu wengi huanza kazi kwanza na kuuliza njia ya pesa baadaye, wakakuta imefungwa. Programu nyingi za kusoma barua pepe hulipa kwa PayPal, na kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa kwa anwani ya Tanzania imekuwa ya kulipia na kutuma pesa, si ya kupokelea. Baadhi ya watu huazima akaunti ya ndugu aliye Kenya, au hudanganya kuhusu nchi wanayoishi, kisha akaunti ikitakiwa kuhakikiwa kwa kitambulisho pesa hubaki humohumo. Wafanyakazi wengi wa mtandaoni hapa nchini hutumia Payoneer, inayopokea malipo ya kampuni za nje na kuyapeleka kwenye benki, lakini gharama zake hufaa zaidi kwa mtu anayepokea makumi ya dola kuliko anayepokea dola mbili. Kwa hiyo kabla ya kusoma barua hata moja au kufanya kazi yoyote, fungua ukurasa wa malipo wa programu husika na uangalie mambo mawili tu: kiasi cha chini cha kutoa, na kama kuna njia inayofika kwako Kibondo.

Kuhusu kazi, ulicho nacho wewe ambacho mtu wa Ohio hana ni Kiswahili fasaha na uandishi wa mtu aliyezoea kusahihisha. Huko nje kuna mahitaji ya kugeuza rekodi za sauti za Kiswahili kuwa maandishi, ya kutafsiri maelezo mafupi ya bidhaa na ya afya, ya kuweka maneno chini ya video, na ya kukagua kama sentensi zilizotolewa na kompyuta ni Kiswahili kinachozungumzwa na watu. Kazi hizo hutangazwa katika masoko ya wafanyakazi huru kama Upwork na Fiverr. Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo yako, jambo linalouma, lakini inaikata katika pesa iliyokwisha kulipwa na mteja, wala haikutozi kiingilio. Miezi miwili au mitatu ya kwanza huwa migumu kwa sababu mteja hamjui mtu asiye na kazi za nyuma. Mwalimu mmoja ninayemfahamu alipata kazi yake ya kwanza baada ya maombi 19, nayo ilikuwa kuandika mahojiano ya dakika 12 yaliyorekodiwa sokoni, kuku wakilia na watu wakipishana maneno. Ilimchukua jioni nne. Aliniambia kwamba sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kuamua aandike vipi mzungumzaji mmoja aliyechanganya Kiha na Kiswahili ndani ya sentensi moja, na kwamba mteja alimsifu kwa maelezo aliyoyaweka pembeni ya sehemu hizo.

Kama ungependa kitu chepesi zaidi, zipo tafiti za maoni kwa simu. GeoPoll, kwa mfano, huwauliza watu maswali kwa ujumbe mfupi katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuwapa salio dogo la simu kwa majibu yao. Hazitafika shilingi 20,000 kwa mwezi na haziji kila siku, lakini hazikulazimishi kununua bando wala kupita benki, na salio unalitumia palepale.

Na ikiwa baada ya yote haya bado ungependa kujaribu kusoma barua pepe, kwa kuwa kujaribu si kosa, fungua anwani mpya ya barua pepe kwa ajili hiyo peke yake, yenye nywila usiyoitumia mahali pengine. Ukitumia anwani yako ya kazi, baada ya wiki chache taarifa za shule zitakuwa zinazama katika matangazo, na anwani iliyokwisha kuuzwa kutoka orodha moja hadi nyingine hairudi nyuma. Barua nyingi za matangazo hubeba kipicha kidogo kisichoonekana kinachomwambia aliyeituma kwamba imefunguliwa saa ngapi na kwa kifaa gani, na ndicho humjulisha kwamba anwani yako iko hai. Kiambatisho chochote usikifungue. Namba ya kitambulisho cha NIDA, picha yake na namba ya siri ya pesa za simu havina kazi yoyote katika kusoma matangazo, na anayevitaka usimpe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa ajili gani, lakini kumfikia aliye nje ya nchi ni kazi nyingine. Mara moja moja piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoitambua nenda ofisi ya kampuni ya simu husika ikafungwe.

Kabla hujatuma ombi lako la kwanza la kazi, rekodi dakika mbili za mazungumzo ya walimu wenzako wakiwa wamekuruhusu, kisha uyaandike yote na uangalie saa umetumia muda gani. Ukipata chini ya dakika 20, na maandishi hayana makosa, una kitu cha kumwonyesha mteja, na unaweza kukiambatanisha kama mfano.